Wahariri wapya, msimwamshe mama wa watu

Wadogo zangu mlioanza kuhariri riwaya mwaka huu, jana nimeshinda na miswada mitatu ya uhalisia mazingaombwe, yaani hadithi ambamo la ajabu linatokea kama jambo la kawaida, na yote inahusu akina mama waliofiwa na watoto. Yote imepita mikononi mwenu, na katika yote bundi analia juu ya bati usiku ule ule mtoto anapofariki. Nimeshindwa kunyamaza. Nawapenda, kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho.

1. Bundi apumzike. Uchuro ukitangulia kila kifo, msomaji wa Mbagala anajua tangu sura ya pili kwamba mtoto haponi, na machozi yake yanakauka mapema.

2. Mambo ya uzazi waulizeni waliozaa. Mzazi yuko ndani ya arobaini, mwandishi kamtuma Kariakoo siku ya tano, na mhariri kapitisha! Nani anamkanda? Uji wa pilipili manga kapika nani? Mtoto kapakwa wanja kabla wageni hawajaingia? Msomaji akiyaamini hayo, lile la ajabu litakalofuata ataliamini pia.

3. Msidai maelezo ya kila kitu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa nilimuumiza mtu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa muswada wa mama mmoja wa Temeke. Mhusika wake amefiwa na mtoto wa miezi minne. Kila alfajiri anachemsha maji, anayachanganya na ya baridi, anapima joto kwa kiwiko, anayamimina kwenye beseni la bluu, kisha anatoka. Akirudi anakuta maji yana povu la sabuni na taulo limelowa. Basi. Hakuna mzimu wala mganga. Mama mkwe analichukua lile taulo, analianika kwenye kamba pamoja na nguo nyingine.

Nikashika kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Haiwezekani. Fafanua."

Mama wa watu alikuwa mpole, kitabu chake cha kwanza, na mimi ndiye mhariri. Baada ya wiki mbili akarudi na aya mpya: mhusika anazinduka kitandani, kumbe ilikuwa ndoto. Nikampongeza. Nilimpongeza, jamani.

Siku ya uzinduzi, mama mtu mzima aliyejitanda khanga alisimama kule nyuma akauliza, "Yule mama mlimwamsha wa nini?" Ukumbi kimya. Mwandishi akaniangalia, wala si kwa hasira. Jioni tukisubiri daladala akaniambia kwamba beseni analo bado, liko juu ya kabati, na kwamba ile sura aliiandika kabla hajajua kama anaandika kitabu. Sikuwa na la kumjibu. Kile kiwiko ndani ya maji kilikuwa kimeniambia yote, mimi nikakipita. Toleo la pili halikuchapwa, na aya ya ndoto imo mpaka leo.

4. Someni kwa jicho la kazi. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa mhariri kama ninyi. Akiandaa The Black Book, kitabu cha historia ya Wamarekani weusi kilichotoka 1974, alikutana na habari ya gazeti kuhusu Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na kumuua bintiye asirudishwe utumwani. Habari hiyo ikazaa riwaya yake, Beloved, iliyotoka 1987. Fungueni ukurasa wa kwanza: alama za mikono miwili midogo zinatokea kwenye keki, na Morrison hasimami kueleza. Wala msiseme uhalisia mazingaombwe ni mambo ya Wamarekani. Nagona, riwaya ya Kezilahabi, ilichapwa hapa hapa Dar mwaka 1990.

5. Kudra isiwe njia ya mkato ya msuko. "Kazi ya Mungu haina makosa" mpeni jirani aiseme msibani, halafu mwacheni mama asijibu. Aendelee kukunja nepi.

6. Miswada yote mitatu iko mezani kwenu. Kwenye ule wa jalada la kijani, ukurasa wa 61, bibi anaweka sahani moja ya ziada kila akipakua wali, na asubuhi inakutwa imeoshwa. Mmoja wenu ameandika pembeni, "Nani kaiosha?" Lifuteni hilo swali kabla mwandishi hajaja Alhamisi.