Ving'amuzi vinane, madishi mawili: spilita inatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 8 hapa Korogwe. Juu ya bati kuna madishi mawili, la Azam na la DStv. Vyumba 5 vina ving'amuzi vya Azam, 3 vina vya DStv. Aliyenifungia aligawa waya wa kila dishi kwa spilita. Sasa mgeni wa chumba cha 3 akibadilisha chaneli, wa chumba cha 5 picha inakata, na lawama zote zinamwangukia mhudumu wangu. Nimeshauriwa ninunue maltiswichi, lakini bei yake si ndogo. Itanisaidia kweli? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole huyo mhudumu. Hana kosa, na mgeni wa chumba cha 3 naye hana kosa. Tatizo ni spilita.

LNB ya kawaida, ile iliyokaa mbele ya dishi, haishushi chaneli zote kwa pamoja. Inashusha robo moja tu, na king'amuzi ndicho kinachoiamuru ishushe robo ipi. Amri hupanda kwa waya uleule unaoleta picha. Kikitaka mawimbi ya wima kinapandisha volti 13, kikitaka ya mlalo kinapandisha volti 18. Kikitaka bendi ya juu, gigahezi 11.7 hadi 12.75, kinaongeza mlio wa kilohezi 22. Bila mlio huo LNB inabaki bendi ya chini, 10.7 hadi 11.7. Wima na mlalo, kila moja ina bendi mbili: ndizo robo nne.

Sasa wewe umeunganisha ving'amuzi vitano kwenye LNB moja. Kimoja kinasema 13, kingine kinasema 18. Volti kubwa huifunika ndogo, kwa hiyo 18 inashinda, na aliyekuwa akitazama chaneli ya wima anabaki na kioo cheusi. Hata ungenunua spilita ya bei mbaya, ugomvi ungekuwa uleule.

Maltiswichi, kisanduku kinachokaa kati ya madishi na ving'amuzi, inaumaliza kwa sababu inazipokea robo zote nne kwa wakati mmoja, kila moja kwa waya wake. Amri ya chumba cha 3 inaishia ndani ya kile kisanduku, haifiki kwenye LNB, na chumba cha 5 hakiguswi. Kwa hiyo ndiyo, nunua.

Kama kila dishi lingekuwa na ving'amuzi vinne au pungufu, ningekuzuia. LNB ya quad, yenye matundu manne yanayojitegemea, ingetosha bila kisanduku chochote. Lakini Azam unavyo vitano. Tafuta maltiswichi iliyoandikwa 9/8: matundu manane ya satelaiti, manne kwa kila dishi, la tisa la antena ya kawaida, na matundu manane ya kwenda vyumbani. Uzuri wake kwa biashara yako ni kwamba kila chumba kinazifikia satelaiti zote mbili. Ukitaka kuhamisha king'amuzi kutoka chumba cha 2 kwenda cha 7, hakuna wa kupanda juu ya bati.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo soma taratibu. Maltiswichi ya kawaida inataka LNB ya quattro, inayoshusha robo zote nne kwa pamoja, kila moja kwa tundu lake, si quad. Zote mbili zina matundu manne na dukani hulala rafu moja. Quattro ina alama kando ya matundu: VL, VH, HL, HH. V ni wima, H ni mlalo, L ni bendi ya chini, H ya pili ni ya juu. Kwenye kisanduku kuna alama hizohizo au za volti na kilohezi. Zilinganishe moja baada ya nyingine. Ukikosea waya mmoja, kundi zima la chaneli litakosekana katika vyumba vyote.

Madishi yote mawili yabaki. Azam iko nyuzi 7 Mashariki na DStv nyuzi 36 Mashariki. Kwa hapo Korogwe hiyo ya 36 iko karibu utosini, ya 7 imeinama upande wa magharibi, na dishi moja la kawaida haliwezi kuzishika zote mbili. Kuchagua satelaiti ni kazi ya amri nyingine inayoitwa DiSEqC: kwenye menyu unaweka A au B. King'amuzi kisichokuwa na sehemu hiyo kwenye menyu yake, satelaiti yake iunganishe upande wa A, maana swichi nyingi zisipopata amri husimama hapo.

Waya nao ni jambo. Chukua RG6 ya shaba na uipime kwa sumaku. Sumaku ikiung'ata uzi wa kati, ni chuma kilichopakwa shaba. Waya wa namna hiyo ukiwa mrefu, volti 18 zinafika zimechoka, swichi inazidhani ni 13, na chaneli za mlalo zinapotea chumba cha mwisho tu. Funga kisanduku katikati ya nyumba, chini ya dari, pasipofika mvua. Unganisha madishi na kisanduku kwenye ethi, maana radi za Korogwe unazijua.

Maltiswichi inatumia umeme wake yenyewe, na ukikatika kwenye kisanduku vyumba vyote vinane vinazima. Usiichomeke kwenye soketi ya korido ambayo mgeni anaweza kuichomoa achaji simu.

Tundu la antena usipolitumia, lizibe kwa kizibo cha omu 75. Na ada ya kila king'amuzi itaendelea kulipwa peke yake. Kisanduku hiki kinagawa mawimbi tu.