Kabla ya Kupima Mtutu: Ushauri kwa Mkulima Anayetaka Kumiliki Shotigani

Wakulima wa Rongai, Njoro na Subukia, pamoja na jamaa zetu wa upande wa Kakamega, huniuliza mara kwa mara shotigani inaruhusiwa kuwa na mtutu wa urefu gani. Swali lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba karibu kila mara limetokana na video za Marekani, na anayeuliza huwa ameshakariri tarakimu moja, inchi 18, akidhani kwamba ndiyo sheria ya kila nchi. Nimemiliki shotigani kihalali kwa miaka mingi hapa katika Kaunti ya Nakuru, na kwa maoni yangu, mtu anayeanza na inchi ameanzia mwisho.

Tarakimu hiyo ina historia yake. Mwaka 1934, wakati Marekani ilipokuwa ikipambana na magenge ya wahalifu wa mijini, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotaka silaha za aina fulani zisajiliwe na serikali kuu na kutozwa kodi ya dola 200, fedha ambazo zama hizo mtu wa kawaida hakuweza kuzitoa mfukoni kwa urahisi. Rasimu ya kwanza ilizihusu bastola pia, kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi kufichwa. Bastola ziliondolewa kabla sheria haijapita, lakini kifungu cha bunduki zilizofupishwa kilibaki, na ndiyo maana hadi leo shotigani yenye mtutu usiofika inchi 18, au ambayo urefu wake wote haufiki inchi 26, huhesabiwa huko kuwa silaha ya kundi la pekee. Kesi mashuhuri iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1939 ilihusu bunduki ya namna hiyo hasa, iliyosafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine bila kusajiliwa.

Uingereza nayo ina kipimo chake. Chini ya sheria yake ya mwaka 1968, shotigani ya kawaida inapaswa kuwa na mtutu usiopungua inchi 24, na kuukata mtutu uwe mfupi kuliko hapo ni kosa. Kwa hiyo bunduki moja yenye mtutu wa inchi 20, ambayo dukani Marekani ni bidhaa ya kawaida, ikifika Uingereza inatoka katika kundi la shotigani na kumtaka mwenyewe awe na cheti kingine chenye masharti makali zaidi. Bunduki ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria ya mahali iliposimama, na ndiyo sababu simshauri mtu yeyote wa Nakuru au Kisumu aende kwa muuzaji akiwa na kipimo alichokitoa kwenye simu yake.

Hapa Kenya tunaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na msingi wake si inchi. Msingi ni kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti chenye jina lake. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kinachompa mwananchi haki ya kumiliki silaha kama kile ambacho Wamarekani hukitaja katika kila mjadala, hivyo kazi ya kuthibitisha kwamba unastahili ni yako wewe mwombaji. Unatakiwa uwe na sababu ya maana, uonyeshe kwamba kuwa kwako na silaha hakutahatarisha usalama wa umma, na usiwe mlevi wala mtu mwenye matatizo ya akili. Cheti chenyewe hudumu kwa mwaka mmoja, kisha huna budi kukifanya upya.

Suala la sababu ndilo linalowaangusha wengi, hasa vijana wanaoandika kwamba wanataka kuwinda. Uwindaji wa wanyamapori kwa ajili ya burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na aliyeandika hivyo katika ombi lake amejinyima cheti kabla hajaitwa kuhojiwa. Sababu ya kufukuza nyani shambani nayo haina nguvu kama watu wanavyofikiri. Sisi tunaopakana na misitu na hifadhi tunajua hasara ya kuamka na kukuta mistari mizima ya mahindi imeng'olewa, lakini wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2013, na bunduki yenye cheti haikupi ruhusa ya kumuua nyani au nyati aliyevuka ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Wa kuitwa katika mambo hayo ni maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori.

Sababu inayosikilizwa ni ya usalama, na usalama huthibitishwa kwa karatasi. Kila ng'ombe anapoibwa, kila ua unapokatwa usiku, kila mlinzi anapojeruhiwa, nenda kituoni uandikishe, kisha itunze nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wengi wetu huona safari ya kituoni ni kupoteza muda kwa sababu ng'ombe hawarudi, kisha baada ya miaka kadhaa tunafika mbele ya maafisa tukidai kwamba tunaishi kwa hofu, ilhali kumbukumbu za kituo cha kwetu hazina hata mstari mmoja unaotuunga mkono. Mimi nilikuwa na bahasha yenye nambari za OB na barua ya chifu, na katika mahojiano yangu bahasha hiyo ilizungumza kuliko mimi.

Kuhusu nyaraka nyingine sitakawia. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa, jambo ambalo wakazi wa Nakuru na Kisumu hawahitaji kulisafiria hadi Nairobi. Uchunguzi wa mwenendo wako huanzia katika eneo unaloishi kabla faili kufika kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na maafisa wanaweza kuwauliza majirani habari zako. Jirani uliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba ataulizwa pia, basi malizaneni mapema. Mtu akikuambia kwamba anaweza kukupatia cheti bila hatua hizi, mkimbie. Mnamo Desemba 2018 serikali iliwataka raia wote wenye leseni za silaha wafike kuhakikiwa upya, na shughuli hiyo iliendelea hadi Machi 2019. Aliyekuwa amepitia mlango wa nyuma hakuwa na la kuonyesha alipoulizwa jinsi alivyokipata cheti chake.

Jambo ambalo nimelishughulikia kwa karibu zaidi ni la bunduki za urithi. Katika familia za mashamba ya zamani, shotigani ya mzee huonekana kama saa yake au fimbo yake: akifariki, mwana mkubwa anaichukua. Kisheria sivyo. Cheti kilikuwa cha marehemu, na hakuna mwingine katika nyumba hiyo anayeweza kukitumia. Shemeji yangu alipofariki, mpwa wangu alinipigia simu kutoka kwao Kisumu.

"Mjomba, shikamoo. Bunduki ya mzee iko nyuma ya kabati. Niipakie kwenye gari nikuletee Nakuru uikague?"

"Marahaba. Usiiguse kabisa. Funga chumba, umwambie mama abaki na ufunguo, halafu piga simu kituoni waje wenyewe."

Kama angeitia garini na kusimamishwa njiani, pale Ahero au Kericho, angekuwa kijana asiye na cheti anayesafirisha bunduki na risasi, na mahakama zetu hazilichukulii kosa hilo kama la kulipa faini na kurudi nyumbani. Maafisa walifika, wakaifungua bunduki kuhakikisha kwamba haina risasi ndani, wakanakili nambari yake, wakahesabu risasi zilizokuwa kwenye mkebe wa biskuti mbele ya mama mwenye nyumba, kisha wakaandika stakabadhi. Nilimsisitizia mpwa wangu jambo moja: asome mwenyewe nambari iliyoandikwa na ailinganishe na iliyochongwa kwenye chuma kabla hajatia sahihi. Tarakimu moja ikikosewa pale, utakuja kuulizwa bunduki nyingine iko wapi. Silaha ilibaki mikononi mwa polisi wakati yeye alipoanza kuomba cheti chake mwenyewe, na hiyo ndiyo njia ninayomshauri kila aliyefiwa.

Hapo ndipo lile suala la inchi liliporudi. Bunduki ya marehemu ni ya Kiingereza, ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kipimo cha 12 (yaani upana wa ndani ya mtutu), yenye mitutu ya inchi 30. Mpwa wangu aliona ni ndefu mno kwa sefu aliyotaka kununua, na alikuwa ameshafikiria fundi wa kulehemu anayeweza kuikata ibaki inchi 20, kwa kuwa kwenye video aliambiwa kwamba mradi haishuki chini ya 18 hakuna kosa. Nilimkataza, na sababu zangu zilikuwa za sheria na za chuma pia.

Kwa upande wa sheria, kazi ya kutengeneza na kurekebisha silaha ni ya wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa, wala fundi wa jua kali hana ruhusa hata ya kuishika. Tena cheti huambatana na bunduki fulani iliyoelezwa katika kumbukumbu, na ukiifupisha umetengeneza kitu kisicholingana na maelezo hayo. Afisa yeyote wa polisi akiona shotigani iliyokatwa msumeno, kitu cha kwanza kumjia akilini ni wizi wa mabavu, kwa maana bunduki hukatwa ili iingie chini ya koti. Usijitie katika hali ya kueleza mbele ya hakimu kwamba wewe ulitaka tu itoshe kwenye sefu. Nunua sefu ndefu zaidi.

Kwa upande wa chuma, mitutu ya shotigani za kuwindia ndege kwa kawaida hubana kidogo karibu na mdomo ili marisau, zile punje ndogo zinazotoka mtutuni, yasitawanyike mapema. Ukikata hapo, umeondoa sehemu hiyo yote, na bunduki iliyokuwa ikikusanya marisau vizuri sasa inayamwaga ovyo. Katika bunduki ya mitutu miwili kuna pia ule ukanda wa chuma uliounganishwa kwa madini laini yaliyoyeyushwa kati ya mtutu na mtutu, na msumeno ukipita hapo, ncha zake hubaki wazi na unyevu huanza kuingia. Hata kipimo chenyewe hukosewa na wengi. Urefu wa mtutu haupimwi kwa kuweka rula juu ya chuma kinachoonekana nje. Bunduki ikiwa tupu na imefungwa, hupimwa kutoka mdomoni hadi pale ambapo kitako cha risasi hukaa. Sehemu inayomeza risasi imo ndani ya hesabu.

Kuna urefu mwingine kwenye bunduki hizo za zamani ambao ningependa watu waulizie zaidi kuliko wa mtutu, nao ni wa hicho chumba cha risasi. Shotigani nyingi za Kiingereza za zamani zilitengenezwa kwa risasi za inchi 2½, yaani milimita 65, wakati risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70 au 76. Risasi ndefu inaweza kuingia vizuri bila kuonyesha dalili yoyote, kwa kuwa ganda lake hufunguka na kurefuka baada ya kufyatuliwa, na hapo shinikizo hupanda ndani ya chuma chenye umri wa babu yako. Fungua bunduki, tazama chini ya mitutu karibu na bawaba, na utakuta alama ndogo zilizogongwa bunduki ilipofanyiwa majaribio ya usalama. Mpelekee mfanyabiashara aliyesajiliwa akusomee kabla hujanunua risasi hata moja.

Ukishapata cheti, mambo ya nyumbani ndiyo yanayokuweka salama au kukutia matatani. Silaha ikae kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, risasi zikae pahali pengine, na ufunguo usining'inie kwenye msumari jikoni. Usimkabidhi mlinzi wa shamba bunduki yako alindie usiku, hata kama amekutumikia miaka ishirini na unamwita ndugu. Cheti ni chako, si cha boma, na mkikamatwa mtakuwa na makosa nyote wawili. Ukienda kwenye mazishi au harusi ambako kuna pombe, bunduki ibaki nyumbani. Ikipotea au kuibwa, ripoti mara moja, si kesho baada ya kuwauliza watoto.

Tarehe ya kufanya upya cheti iandike kwenye kalenda mahali ambapo mke au mume wako pia anaiona, na uanze shughuli wiki kadhaa kabla, kwa maana mitandao ya serikali hukwama na maafisa huhamishwa. Muda ukipita, bunduki iliyo ndani ya sefu yako haina tena ruhusa ya kuwa hapo. Kama unajua utakuwa safarini au hospitalini wakati huo, ipeleke kituoni itunzwe, uchukue stakabadhi, na nakala yake mwachie mtu mmoja wa nyumbani.