Nilikwenda Kusomea Dini ili Nishinde Mabishano

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakitoka, hakukosi mzazi wa kunipigia simu. Mwanawe anataka chuo cha dini, na mzazi ana swali moja tu: "Akimaliza atakuwa nani?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nilisoma chuo kilichoanzishwa na kanisa, nikachukua ualimu wa Kiswahili na dini, na sikuwa mchungaji wala sina mpango.

La kazi nalijibu haraka. Ukitaka kufundisha sekondari, dini peke yake haitoshi, maana mwalimu hubeba masomo mawili. Uliza TSC, tume inayoajiri walimu, wanataka gredi gani kabla hujalipa karo, na uhakikishe chuo kimeidhinishwa na serikali. Rafiki yangu aliyesoma maahad, yaani chuo cha dini cha Kiislamu, yuko leo kwenye mahakama ya kadhi kama karani. Njaa haijatuua.

Lakini mimi sikwenda kule kutafuta kazi. Nilikwenda kutafuta silaha.

Nimekulia Freretown, hapa Mombasa, karibu na ile kengele ambayo makanga wa matatu huitaja mara mia kwa siku, "Kengeleni! Kengeleni!" Nikiwa kidato cha nne nilikuwa mfuasi wa mihadhara ya viwanjani. Mkristo huku, Mwislamu kule, kila mmoja na kipaza sauti na vitabu vyote viwili mezani, na umati unashangilia kana kwamba ni mechi. Niliona mshindi ni yule anayekumbuka aya kwa namba. Nikasema nami nitakwenda nikazijue namba hizo.

Muhula wa kwanza mhadhiri wetu akatupa kazi iliyonikera: tuorodheshe maneno ya ibada yetu yaliyotoka Kiarabu. Nilidhani nitapata matatu manne. Roho, imani, sala, dhambi, malaika, nabii, baraka. Nikaendelea. Injili. Msalaba. Nilipofika kwenye neno kanisa nikaweka kalamu chini. Miaka yote nimekaa kiwanjani nikimzomea mtu kwa lugha niliyoazima kwao!

Ndipo akatusimulia habari za Krapf. Nilikuwa nikimjua mmisionari huyo Mjerumani kwa jina tu. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika hapa mkewe pamoja na binti yao mchanga. Pia ndio mwaka alioanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Nilifika nyumbani mbio kumpelekea habari hiyo maalim jirani yetu, mzee aliyefundisha madrasa tangu mama yangu hajaolewa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo kadhi, mwanangu, yeye alikuwa akitaka nini?"

Sikujua.

"Basi rudi ukasome."

Mzazi akiniuliza faida, hilo ndilo ninalomsimulia. Chuo kisicho cha dini nacho kingeweza kunifundisha habari za Krapf. Nilichopata chuoni kwetu ni kusomeshwa na mtu aliyekuwa akisali asubuhi kwa maneno yaleyale atakayoyachambua darasani saa nne, na hakuona aibu kusema, "Hapa sijui, na bado naamini." Kiwanjani sikuwahi kusikia mtu akisema sijui.

Si wote walikuwa hivyo. Mwingine nilimuuliza kwa nini Injili nne zinapishana katika habari za asubuhi ya ufufuo, akaniambia nikafunge na kuomba. Nilifunga. Swali lilikuwa palepale, na njaa juu. Rafiki yangu wa maahad anasema kwao ni vilevile: yuko ustadhi anayekufungulia kitabu na yuko anayekifunga mbele ya pua yako. Yeye hupenda kumtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliwahimiza Waislamu wasome dini yao na elimu ya kisasa pia, wala hakuona kimoja kinakula kingine.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujiunga, brosha ziache. Nenda siku ya kawaida, isiwe siku ya wageni, uombe kukaa nyuma ya darasa. Msikilize mwanafunzi akiuliza swali gumu, halafu mtazame mwalimu usoni. Ingia na maktaba: kama hakuna hata kitabu kimoja kilichoandikwa na mtu wa dini nyingine, uliza kwa nini. Na ukikaa saa nzima hakuna aliyeuliza kitu, matatu za kurudi mjini ziko hapo nje.

Swali la maalim bado sijalijibu. Kila nikienda kumwamkia, hulikumbusha kabla ya kahawa.