Jibu: Darasa la tatu wanapayuka majibu

Mwalimu, umeuliza ufanyeje na watoto 90 wa darasa la tatu huko Mbagala, wanaopayuka majibu kabla hujamaliza swali. Usianze na kanuni kumi ukutani. Chagua tabia moja tu, kunyoosha mkono, uifundishe kama unavyofundisha kujumlisha. Jumatatu tenga dakika 10: onyesha mwenyewe, kisha onyesha namna isiyo sahihi (watacheka, waache), halafu wafanye wao, dawati kwa dawati. Rudia dakika 2 kila asubuhi wiki nzima.

Panapoharibika ni hapa: mtoto anapayuka jibu sahihi, nawe unasema "vizuri sana". Umeshamlipa. Mgeukie aliyenyoosha mkono, mwite jina, taja hasa alichofanya: "Neema, umenyoosha mkono ukasubiri, haya tuambie." "Hongera" tupu haimfundishi jirani yake kitu. Na ukishauliza, hesabu moyoni hadi 3 ndipo uchague, wanaofikiri polepole nao wapate nafasi.

Siku za mwanzo kelele zinaweza hata kuzidi, maana wanakupima. Usilegeze. Ile "mmeelewa?" "ndiyooo!" iache kabisa, ndiyo inayowazoesha kuitikia kama kwaya.