Mtoto Kapewa Simba: Kushona Vazi Litakalofika Mwisho wa Mchezo

"Shikamoo mama. Mwanangu yuko darasa la nne, mwalimu kampa kuwa Simba kwenye mchezo wa siku ya wazazi. Zimebaki wiki tatu. Cherehani ninayo, ila nimezoea kushona mashuka na sare tu. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu umetoka kwa msomaji wa Makorora, hapa hapa Tanga. Marahaba mwanangu. Wiki tatu zinatosha, mradi usianzie kichwani.

Wazazi wengi huanzia kichwani. Siku zote zinaishia kwenye manyoya na masikio, halafu shati na suruali zinakatwa usiku wa kuamkia mchezo. Kinachofuata mmekiona: Simba anainua mikono angurume, kwapa linachanika, na mtoto anacheza sehemu yote iliyobaki kabana mikono ubavuni. Inauma kumtazama, maana maneno ya mchezo kayajua yote. Vazi la jukwaani linashonewa mwili unaokimbia, unaochuchumaa, unaotambaa na kutoa jasho. Likikaa vizuri kwenye picha ni heri, lakini picha ije baadaye.

Kabla ya kununua hata uzi, nenda kwa mwalimu umuulize Simba anafanya nini. Kama ni ile hadithi ya Sungura anayempeleka Simba kisimani akaione sura yake majini, basi kuna kuruka. Anarukia wapi? Anatambaa? Anakaa mbele ya watu dakika ngapi? Baada ya kuzama kisimani anarudi kama mtu mwingine? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia uweke sponji magotini au usiweke, na vazi livuliwe kwa dakika moja au kumi.

Pima mtoto akiwa na fulana nyepesi. Mgongo upime mara mbili, toka shingoni hadi kiunoni: kwanza amesimama, kisha amechuchumaa na kuinama mbele. Tumia kipimo kikubwa. Vipimo nitakavyotaja ni vya mtoto mwenye urefu wa sentimita 135, kifua 68, kiuno 60 na nyonga 70. Wako akiwa mkubwa au mdogo, badilisha.

Shona vipande viwili, shati na suruali. Ovaroli la kipande kimoja linapendeza, lakini mtoto mwenye hofu huomba kwenda chooni dakika tano kabla ya kuitwa, na hapo ndipo zipu ya mgongoni inapokwama.

Kitambaa kiwe cha pamba. Kile chenye manyoya ya kutengenezwa kiache dukani: kwa joto letu, ndani ya ukumbi wa bati wenye watu mia mbili, mtoto atalowa kabla hajasema neno. Pamba ya rangi ya mchanga, au marekani utakayoitia rangi mwenyewe, inatosha kabisa. Kwa upana wa inchi 45 nunua yadi 4, kwa upana wa inchi 60 mita 2 na nusu. Usikate siku hiyo. Loweka usiku kucha, fua, anika, piga pasi. Marekani ya dukani ina wanga mwingi, ukitoka inalainika na kurudi ndani, na shati lililokatwa kabla ya kufuliwa litambana mtoto baada ya jasho la mazoezi ya kwanza.

Sasa shati, na hapa nitakaa kidogo. Usitafute kielelezo kigeni. Chukua kanzu ya baba yake uitandaze mezani. Mafundi wa kanzu wa pwani walilimaliza tatizo la mkono unaoinuka zamani sana, na dawa yao ni kile kipande kidogo cha mraba chini ya mkono, kikwapa. Shati la Simba ni kanzu iliyokatwa fupi.

Badani mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja upana sentimita 45 na urefu 65, mishono na pindo ikiwemo. Hapo kifua kimepata nafasi ya sentimita 16, usiipunguze. Bega la badani litashuka chini ya bega la mtoto kwa kama sentimita 5, kwa hiyo urefu wa mkono upime toka pale linapoishia. Mkono ni kipande kilichonyooka, upana 34 juu na 24 kwenye kiwiko cha kiganja. Kikwapa kata mraba wa sentimita 13, ili kikishashonwa kibaki 10.

Unganisha mabega, kisha shonea mikono shati likiwa limetandazwa bapa, ukiacha sentimita 1 na nusu bila kushona kwenye kila mwisho. Kikwapa kinakaa kama almasi: pembe moja inaingia pale mkono unapokutana na badani ya mbele, nyingine kwa badani ya nyuma, ya tatu inaelekea chini ubavuni, ya nne inafuata mkono. Usikiingize moja kwa moja kwenye mashine. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono pande zote nne, geuza, uone kama kimelala. Halafu shona upande mmoja mmoja, na kila ukifika sentimita 1 na nusu kabla ya ukingo, simama, rudi mishono miwili, kata uzi. Ukipitiliza hata mishono miwili tu, pembe inafinya na kunyanzi lake halitoki kwa pasi. Ukisimama kabla, panabaki tundu, na tundu ndipo mpasuko unapoanzia. Vikwapa vikikaa sawa ndipo ufunge mbavu na mikono kwa mshono mmoja mrefu. Mvalishe mtoto, mwambie aguse dari. Pindo la shati likipanda zaidi ya vidole vinne, badani ni fupi.

Suruali ni kama bukta ya kulalia iliyorefushwa, wala sitaieleza sana. Nyonga ipate nafasi ya sentimita 14, lastiki ya kiunoni iwe 54, na kwenye msamba weka kipande kingine cha almasi, sentimita 12 kwa 20, kwa sababu ile ile ya kikwapa. Anayetambaa juu ya saruji mwekee kwa ndani ya magoti sponji ya sentimita 1, iliyofungiwa kati ya vitambaa viwili. Miguuni kunja sijafu ya sentimita 4.

Shati na suruali vikikamilika, tuseme wiki ya kwanza imekwisha. Vipeleke mazoezini hivyo hivyo bila kichwa. Sasa ndiyo manyoya.

Watu wa Tanga tuna bahati ambayo hatuitumii. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mkoa huu umeishi kwa katani miaka yote hiyo, halafu tunahangaika kutafuta manyoya ya plastiki. Singa za katani zilizochanwa, kabla hazijasokotwa kamba, zina rangi ya simba zenyewe. Waulize wasuka kamba. Gramu 400 zinatosha kichwa kimoja, na zikizidi nusu kilo shingo ya mtoto inachoka na kofia inavutwa nyuma.

Singa mbichi ni ngumu na zinachoma. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa saa moja, suuza, zichane zikiwa na maji kwa chanuo la meno mapana, anika kivulini. Ukitaka rangi ya kahawia, tumia ile ya unga wanayotilia ukili wa mikeka, kwenye maji yanayochemka. Mimi ningetia rangi safu za nje tu na kuacha zinazogusa uso zikiwa na rangi yake, kwa sababu jasho likiyeyusha rangi linaitiririshia machoni. Suuza hadi maji yatoke meupe, kausha siku mbili, kisha futa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, rudia kusuuza.

Kofia ishone kwa vipande vitatu, viwili vya pembeni na ukanda wa katikati wenye upana wa sentimita 9, na ndani uitie bitana ya marekani. Halafu andaa tepe za pamba za upana wa sentimita 2 na nusu, jumla mita 2. Kata singa kwa urefu wa sentimita 40, chukua fungu lenye unene wa njiti mbili za kiberiti, likunje katikati juu ya tepe, na fungu linalofuata liweke sentimita 1 na nusu mbele. Pitisha mashine mara mbili, kunja tepe ifunike vichwa vya mafungu, pitisha mara ya tatu. Mstari mmoja hautoshi: singa zinateleza, na katikati ya mchezo Simba anaanza kunyonyoka.

Weka sindano namba 16 na mshono mrefu, namba 4. Zungusha gurudumu kwa mkono pale penye mafungu manene. Katani inakwangua uzi hadi ukatike, na vumbi lake linajaa kwenye bobini, hivyo kila ukimaliza tepe fungua, safisha kwa brashi, tia tone la mafuta. Ukiona mashine inaruka mishono, badilisha sindano kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Tepe za kwanza zizunguke uso safu mbili, zinazobaki zipite kisogoni toka sikio hadi sikio, kila safu ikifunika kichwa cha ile ya chini yake. Ukingo unaogusa ngozi ufungie kwa kitambaa cha pamba cha sentimita 3. Na hili wengi hawalijui: kofia iliyojaa singa inaziba masikio. Mtoto hamsikii mwenzake, anapitwa na zamu yake, na watu wanadhani kasahau. Toboa nafasi ya sentimita 5 penye kila sikio, katika kofia na bitana yake, pindia kingo, kisha acha singa ziangukie juu. Kwa mbali haionekani.

Barakoa ya uso mzima usimvalishe, inameza sauti. Paka rangi. Wanja wa penseli unatosha kwa pua na masharubu. Liwa inapendeza ikiwa mbichi, lakini ikikauka inapasuka kila mtoto anapofungua mdomo, kwa hiyo ipake paji la uso peke yake. Piku, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, usipake kabisa usoni kwa mtoto, hata kama fundi wa hina amekuhakikishia. Inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, na haifutiki mchezo ukiisha.

Mkia uwe wa kamba ya katani ndani ya mfuko wa kitambaa, mwisho wake ubaki sentimita 10 juu ya sakafu. Usiushonee suruali. Ushikize kwa vifungo viwili vya kubana kwenye mkanda wake wenyewe unaofungwa chini ya shati. Mwenzake akiukanyaga, na ataukanyaga, mkia utachomoka peke yake na suruali itabaki nzima.

Kama mwalimu anataka moto jukwaani, mwambie hapana. Katani kavu inashika moto haraka mno, na pamba nayo haiko nyuma. Mwenge uwe tochi ya betri iliyovishwa karatasi nyekundu. Hata mshumaa mmoja kwenye meza ya pembeni usikubali. Hili halina mjadala, hata kama mchezo unafanyika usiku na umeme umekatika.

Usipoteze muda kwa vitu visivyoonekana. Aliyekaa safu ya nne haoni darizi ya makucha. Anaona kiraka kikubwa cheupe tumboni, kichwa kipana na mkia unaocheza. Kama mchezo ni wa mchana chini ya mwembe, rangi zisifanane na vumbi la uwanja, la sivyo Simba akilala chini anapotea.

Mazoezi yenye vazi kamili yawe matatu kwa uchache, la kwanza siku kumi kabla. Hapo ndipo utajua kofia inateleza anaporuka (shonea utepe wa kufunga chini ya kidevu), au singa zinaingia mdomoni (zipunguze mbele kwa sentimita 4). Siku ya mchezo, nyuma ya pazia uwe na sindano mbili zilizokwishatungwa uzi, mkasi, pini za usalama kama ishirini, taulo na maji ya kunywa. Kila mtoto awe na mfuko wake wenye jina, na watoto wadogo wavishwe mwisho, kwa sababu wakivaa mapema wanakaa chini na kunywa juisi.

Baada ya mchezo usilikunje. Hapa kwetu karibu na bahari katani inanyonya unyevu na kuota ukungu ndani ya mfuko wa plastiki. Fua shati na suruali, kofia ianike kivulini siku mbili, kisha ivalishe sufuria kabatini singa zikining'inia. Mwakani fungua ile sijafu ya sentimita 4, na suruali itamfaa Simba mwingine.