Mgeni akisema yuko "under the weather", hazungumzii mvua

Mdogo wangu, umeeleza kwamba unapokea wageni hapo Kigoma kabla hawajapanda boti kwenda Gombe, na mmoja alikuambia "I'm a bit under the weather", ukaanza kumweleza hali ya ziwa. Unauliza kama ukariri orodha nzima ya misemo ya Kiingereza.

Usikariri. Orodha zimejaa misemo kama "raining cats and dogs" (mvua kubwa inanyesha), ambayo wageni wenyewe hawaisemi sana.

Yule mgeni alimaanisha hajisikii vizuri: mafua, uchovu, tumbo kuvurugika kidogo. Mpe pole, muulize kama angependa safari isogezwe. Ila mtu aliyezidiwa na malaria usimwelezee hivyo. Msemo huo ni wa maradhi mepesi.

Utakaokufaa zaidi ni "let's play it by ear". Umetoka kwenye muziki, kwa mtu anayepiga kwa kusikiliza bila kusoma noti. Maana yake tusipange sana, tutaamua kadiri mambo yatakavyokwenda. Upepo ukianza kuchafua ziwa asubuhi, useme bila woga.

"Call it a day" ni kufunga kazi kwa leo. "Break a leg", neno kwa neno "vunja mguu", ni kumtakia mtu heri; mwachie msanii anayepanda jukwaani; anayepanda vilima vya Gombe usimwambie kabisa!

Ukisikia mpya, andika sentensi nzima na ilisemwa wakati gani, kisha muulize mgeni palepale. Wengi hufurahi kueleza.