Binti anataka historia, deni wanataka nisaini mimi

SWALI: Assalam aleikum dada. Mimi mzaliwa wa Likoni, tuko huku Brooklyn Park, Minnesota. Binti yangu anamaliza hai skuli mwezi wa sita na amekubaliwa chuo kimoja cha praiveti, vile vidogo vya sanaa huria, mtoto anasoma historia, lugha, falsafa, sayansi kidogo. Bei waliyoandika imepita dola 80,000 kwa mwaka nikashtuka, lakini wametoa granti kubwa tumebakiwa na 24,000. Barua inasema mtoto akope 5,500 na mimi mzazi nikope 18,500, unaitwa Parent PLUS, basi kwishahabari hatulipi kitu sasa. Yeye anataka historia. Baba yake anasema historia ni ya nini, aende uuguzi kama watoto wa wenzake. Mimi nafanya kazi nasing homu, 2024 nilikuwa napiga dabo shift nyumba nzima tukafika dola 71,000, saa hizi mgongo umekataa nimepunguza. Nina miaka 52. Shemeji naye anasema tuchukue mkopo wa benki nisaini tu kama mdhamini. Dipoziti mwisho tarehe 1 Mei. Nifanyeje? – Mama R.

JIBU: Waaleikum salaam Mama R. Mnagombania historia bure hapo nyumbani, mimi kilichonitoa macho ni hiyo 18,500.

Tuanze na deni la binti mwenyewe. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi una kikomo: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, halafu 7,500 mara mbili, jumla 27,000. Kwa riba ya 2025-26, asilimia 6.39, akilipa miaka 15 ni kama dola 235 kwa mwezi, ongeza kidogo ya ile riba inayojikusanya akiwa bado darasani. Mtu wa historia analiweza hilo, hata akianza na kazi ya ofisi ya mshahara wa kawaida tu.

Na mishahara yao ikoje? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walipiga hesabu ya faida, yaani mapato ukitoa gharama za kusoma. Ukihesabu miaka 10 tangu kuanza chuo, vyuo vya sanaa huria vilikuwa na dola 62,000 wakati vyuo vyote kwa jumla ni 107,000, wako nyuma sana. Lakini ukienda mpaka miaka 40 wanakuwa na 918,000 na vyuo vyote 723,000. Yaani pesa yao inachelewa kuja, wengine wanapitia kwanza shule ya sheria, wengine wanapanda ofisini polepole, na bili ya mkopo haijui hayo, inakuja kila mwezi toka mwanzo. Halafu hesabu ile ni ya chuo kizima, si ya somo, kwa hiyo ingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tafuta chuo hicho hicho, bonyeza historia, uone wahitimu wa katikati wanapata ngapi na wana deni kiasi gani. Angalia pia wangapi wanamaliza, manake deni bila digrii ndilo linalowamaliza watoto wetu huku.

Sasa njoo kwenye PLUS. Riba ya 2025-26 ni asilimia 8.94, na kabla hujaishika hiyo pesa wanakata ada ya zaidi ya asilimia 4. Halafu sheria imebadilika, kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026 mzazi hapewi zaidi ya 20,000 kwa mwaka wala zaidi ya 65,000 kwa mtoto mmoja. Piga hesabu mwenyewe: 18,500 mara tatu ni 55,500, mwaka wa nne umebakiwa na 9,500 tu, na barua yenyewe haisemi mtatoa wapi nyingine! Ukifika hiyo 65,000, kwa riba hiyo, ni kama dola 580 kila mwezi kwa miaka 20. Una miaka 52 mama, na mgongo ndio huo, na nyumbani Likoni bado wanakungoja mwisho wa mwezi. Mikopo hii mipya ya wazazi haiingii tena kwenye ile mipango ya kulipa kulingana na kipato, na deni ni lako, halihamii kwa mtoto hata siku moja. Usisaini.

Fanya hivi kabla ya Mei. FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa chuo, ya 2026-27 inaangalia kodi ya 2024, mwaka wako wa dabo shift, kwa hiyo chuo kinakuona una pesa ambayo saa hizi hauna. Piga simu ofisi ya misaada ya fedha, waambie kipato kimeshuka unaomba waangalie upya, peleka stabu za mshahara wa sasa na barua ya daktari. Hawalazimiki kuongeza lakini wana ruhusa, na wanaongeza kwa wengi kuliko mnavyodhani, tatizo wetu tunaona haya kuomba.

Wakikataa, Minnesota kuna North Star Promise, tangu 2024 familia ya chini ya dola 80,000 hailipi karo kwenye vyuo vya umma vya jimbo, mnabaki na chumba na chakula. Hiyo inaingia hata University of Minnesota Morris, ambacho ni chuo cha sanaa huria kabisa ila ni cha umma. Historia ipo. Mwambie aombe haraka kama bado.

Baba watoto mwambie uuguzi ni kazi nzuri, inalipa mapema kweli, ila mtoto aliyesukumwa akaacha mwaka wa pili hana uuguzi hana historia. Wanaopenda kumtaja Kofi Annan, kwamba alisoma Macalester hapo St. Paul akamaliza 1961, wakumbuke alikuja kwa ufadhili wa Ford Foundation, hakuna mama aliyesainishwa.

Na huo wa shemeji ndio mbaya kuliko yote. Ukidhamini mkopo wa benki, binti akikosa kulipa wanakuja kwako moja kwa moja. Kama anauona mzuri hivyo adhamini yeye.